Uzi: Mnyama anapojifunza kuchagua, shughuli ya ubongo wake huhama

Mleta uzi

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Katika nyuzi nyingi za sayansi tumezoea kusoma kwamba sehemu fulani ya ubongo "ndiyo inayohusika na uamuzi", kana kwamba ubongo ni jengo la ofisi na kila chumba kimebandikwa kibao mlangoni. Nimeona nilete uzi huu kwa sababu utafiti wa miaka zaidi ya thelathini juu ya wanyama wanaojifunza kuchagua umetoa matokeo yasiyoingia katika picha hiyo. Mnyama yuleyule, akifanya uchaguzi uleule, huwa na shughuli tofauti katika ubongo wake siku ya kwanza, wiki ya pili na mwezi wa tatu, hata kama kwa nje anaonekana anafanya jambo lilelile. Shughuli hiyo huhama. Huhama katika wakati, huhama kutoka eneo moja kwenda jingine, na mara nyingine hupungua mahali ambapo tungetarajia iongezeke. Hoja yangu ni hiyo, nami nitaijenga taratibu kwa majaribio, kwa hiyo naomba uvumilivu wa msomaji.

Nikisema kuchagua simaanishi kutafakari kwa maneno kama tufanyavyo wanadamu tunapopima shauri. Namaanisha kwamba mnyama amewekewa njia mbili au zaidi, amechukua mojawapo, na tunaweza kuonyesha kuwa angechukua nyingine lau yaliyompata huko nyuma yangekuwa tofauti. Mwaka 1898 Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha majaribio ambamo paka walifungiwa katika masanduku yenye kitasa au kamba ya kufungulia mlango. Mwanzoni paka alikwaruza, akauma, akasukuma kila kitu, na mlango ukafunguka kwa bahati; kadiri alivyorudishwa sandukuni ndivyo muda wa kutoka ulivyopungua. Thorndike aliweza kuuchora mstari wa muda huo ukishuka, lakini hakuwa na njia ya kujua nini kilikuwa kinabadilika ndani ya kichwa cha paka. Hali hiyo ilidumu kwa miongo mingi, hadi ilipowezekana kumpandikiza mnyama aliye macho elektrodi nyembamba kuliko unywele, ikakaa jirani na seli moja ya neva na kusikiliza mapigo yake ya umeme, ambayo kila moja hudumu kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Anayeyahesabu mapigo hayo wakati mnyama anajifunza anaweza kuona jinsi seli inavyobadilisha tabia yake siku hadi siku.

Sasa niingie katika jaribio ambalo kwangu ndilo mlango wa mambo yote haya.

Wolfram Schultz, akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Fribourg nchini Uswisi, alirekodi seli zinazotoa dopamini katika ubongo wa kima. Seli hizi ni chache, ziko chini kabisa katika ubongo wa kati, lakini nyuzi zake husambaa na kufika sehemu nyingi za mbele. Kima alipodondoshewa tone la sharubati mdomoni bila kutarajia, seli zilitoa mapigo mengi ya ghafla. Hadi hapo hakuna cha kushangaza, kwani mtu angeweza kusema kwamba ni seli za utamu. Kisha taa ikaanza kuwashwa muda mfupi kabla ya kila tone. Baada ya kurudiarudia, mapigo yale ya ghafla yakaacha kutokea sharubati ilipofika, yakaanza kutokea taa ilipowaka. Sharubati ilikuwa ileile, na kima aliinywa kwa hamu ileile, lakini seli zilikaa kama vile hakuna lililotokea. Na pale taa ilipowaka halafu sharubati isije, seli zilipunguza mapigo yake chini ya kiwango cha kawaida, tena katika nukta ileile ya wakati ambapo sharubati ilikuwa ije.

Nawaomba mlitazame tena hilo la mwisho. Katika nukta hiyo hakuna kitu chochote kilichotokea nje ya kichwa cha kima: hapakuwa na mlio wala mwanga, na tone halikudondoka. Hata hivyo seli ziliitika. Haziwezi kuitikia ukimya isipokuwa mahali fulani ubongo umeweka makadirio ya nini kije na kije lini, na seli zinalinganisha kilichokuja na kilichokadiriwa. Tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo wataalamu wanayoiita kosa la makadirio.

Kinachofurahisha ni kwamba hesabu ya jambo hili ilikuwa imeshaandikwa na watu waliokuwa wakifikiria mambo mengine. Mwaka 1972 Robert Rescorla na Allan Wagner walitoa kanuni inayosema kwamba mnyama hujifunza kwa kiasi anachoshangazwa, na asiposhangazwa hajifunzi kitu. Mwaka 1988 Richard Sutton aliipa kanuni ya namna hiyo sura inayofaa kwa mashine, ambamo makadirio ya sasa husahihishwa na makadirio yanayofuata bila kusubiri mwisho wa safari. Mwaka 1997 Schultz aliungana na Peter Dayan na Read Montague kuonyesha kwamba mapigo ya seli za dopamini yanafanana na hesabu hiyo hatua kwa hatua. Watu wa kompyuta na watu wa elektrodi walikuwa wamechimba kisima kimoja kutoka pande mbili.

Nitaendelea na upande wa uchaguzi wenyewe baada ya kuona maoni.

Kalamu Tulivu

Mleta uzi, ahsante kwa mwanzo huu. Nina swali ambalo huenda ni la wengi. Tumeambiwa mara nyingi kwamba dopamini ni kemikali ya raha. Maelezo yako yanaonekana kukataa hilo. Pia, je, tunajuaje kwamba mapigo hayo ndiyo yanayomfundisha mnyama, na si kivuli tu cha kujifunza kunakofanyika kwingine?

Mleta uzi

Mkuu, umeuliza maswali mawili, na la pili ni zito zaidi kuliko la kwanza.

Kuhusu raha, tazama kwamba kima aliyezoea hufurahia sharubati bila seli hizo kuongeza mapigo. Kama zingekuwa zinapima raha, zingepiga kila tone linapofika. Zinachokipima ni kama mambo yamekuwa mazuri au mabaya kuliko ilivyokadiriwa. Watafiti wengine wanasisitiza kazi nyingine za dopamini, hasa ile ya kumpa mnyama msukumo wa kukifuata kitu, na mjadala huo haujafungwa, lakini jina la "kemikali ya raha" linapotosha.

Kuhusu sababu na kivuli, kuna jaribio ninalolipenda kwa sababu linatumia mtego wa zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Leon Kamin alionyesha kwamba mnyama akishajifunza kuwa ishara ya kwanza inaleta jambo fulani, kisha ukaongeza ishara ya pili pamoja na ile ya kwanza, hajifunzi chochote kuhusu ile ya pili. Ishara ya kwanza imeshamwambia kila kitu, kwa hiyo hakuna mshangao na hakuna somo. Mwaka 2013 kundi la watafiti lilirudia mtego huo kwa panya wakubwa wa maabara, ambao seli zao za dopamini zilikuwa zimewekewa jeni inayozifanya ziamke zikimulikwa. Zawadi ilipofika, zawadi ambayo panya walikuwa wameshaitarajia, watafiti walimulika seli hizo na hivyo wakaunda mshangao wa kughushi. Panya wakajifunza ishara ya pili ambayo kwa kawaida wasingeijifunza. Kivuli hakiwezi kufanya hivyo.

Na namna inavyofundisha inaeleweka kwa kiasi. Seli za gamba la ubongo hutuma nyuzi zake katika kundi la seli lililoko ndani zaidi, liitwalo striatamu, ambalo ni kama njiapanda kati ya kuona na kutenda. Mguso kati ya seli mbili ukitumika na dopamini ikafika karibu na wakati huohuo, mguso ule huimarika, na safari nyingine ishara ileile itaelekea kuamsha tendo lilelile kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo kosa la makadirio huacha alama katika viungo vilivyokuwa vikifanya kazi wakati mnyama alipochagua, na lenyewe hutoweka kadiri makadirio yanavyokuwa sahihi. Mwalimu anajiondoa darasani kadiri mwanafunzi anavyoelewa.

Sasa niende kwenye swali lililonivutia kuandika. Mnyama anapozidi kuwa hodari wa kuchagua, ni nini kinachoboreka: jicho lake, au namna anavyolisoma jicho?

Kuna kazi moja ambayo kima wamefundishwa katika maabara nyingi. Kima hutazama kioo chenye vitone vingi vinavyorukaruka ovyo, huku sehemu ndogo ya vitone hivyo ikielekea upande mmoja. Kazi yake ni kuamua ni upande gani, kisha kupeleka macho huko. Sehemu hiyo ikiwa kubwa, uamuzi ni rahisi. Ikiwa ndogo sana, hata mwanadamu hukisia. William Newsome na wenzake walionyesha kwamba seli za eneo la gamba la ubongo liitwalo MT hufuatilia mwendo wa vitone kwa usahihi wa kushangaza. Baadaye Michael Shadlen na Newsome walionyesha kwamba katika eneo jingine liitwalo LIP, lililo juu nyuma ya ubongo na linalohusika na kupeleka macho, mapigo hupanda polepole kadiri ushahidi unavyojikusanya. Hupanda haraka mwendo ukiwa dhahiri na polepole ukiwa hafifu, na kabla tu ya macho kusogea hufika karibu kiwango kilekile, kama ndoo inayomwagwa ikijaa bila kujali ilijazwa kwa bomba au kwa matone.

Hao walikuwa kima waliokwisha kufuzu. Chi-Tat Law na Joshua Gold, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2008, waliamua kurekodi tangu kima walipokuwa bado wanajifunza, kwa miezi. Uwezo wa kima ulikua sana. Mwendo ambao mwanzoni hawakuweza kuutambua walikuja kuutambua vizuri. Ungetarajia seli za MT, zile zinazoona mwendo, ziwe zimenolewa. Hazikubadilika. Kilichobadilika ni LIP, ambako seli zilianza kuitikia ushahidi wa mwendo kwa nguvu zaidi na zaidi, sambamba na kupanda kwa uhodari wa mnyama. Taarifa ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni msomaji anayejua ni seli zipi za kusikilizwa na zipi za kupuuzwa.

Mzamivu

Ndugu mleta uzi, naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Unasema shughuli ya LIP ilikua pamoja na uhodari, na msomaji anaelewa kwamba LIP ndipo uamuzi unapofanyika. Lakini nimewahi kusoma kwamba eneo hilo lilipozimwa, kima waliendelea kuamua vizuri. Je, hujajenga nyumba juu ya mchanga? Pia nina wasiwasi na hizi habari za "polepole". Tunachora mstari laini unaopanda, kumbe ni wastani wa wanyama wengi.

Mleta uzi

Mkuu, pingamizi lako limefika mahali penyewe, wala sina nia ya kulikwepa.

Ni kweli. Mwaka 2016 Leor Katz na wenzake walichapisha matokeo ya kuzima kwa muda eneo la LIP kwa dawa inayonyamazisha seli. Uamuzi wa kima kuhusu vitone karibu haukutetereka. Walipozima MT, uamuzi uliharibika vibaya. Kwa hiyo mahali ambapo shughuli inafanana zaidi na uamuzi palionekana kutohitajika sana, na mahali ambapo shughuli haikubadilika wakati wa kujifunza ndipo palipohitajika. Kwangu mimi hilo linaonyesha kwamba LIP ni mojawapo ya sehemu kadhaa zinazopokea nakala ya uamuzi unaoendelea kuundwa, na kwamba ukiifunga moja nyingine zinaweza kubeba mzigo. Badiliko walilolipima Law na Gold linabaki kuwa la kweli. Tusichoweza kusema ni kwamba badiliko hilo limo LIP peke yake. Nilipaswa kuliandika hilo tangu mwanzo, na nashukuru kwa kunisahihisha.

Kuhusu mstari laini, mwaka 2004 Randy Gallistel na wenzake walichukua takwimu za kujifunza za mnyama mmoja mmoja, wakaonyesha kwamba mara nyingi mnyama hukaa bila kuonyesha chochote kisha hupanda ghafla karibu na kiwango chake cha juu. Mmoja hupanda siku ya tatu, mwingine ya tano, mwingine ya tisa. Ukiwachanganya unapata mlima wenye mteremko mpole ambao hakuna hata mnyama mmoja aliyeupanda. Kwa hiyo anayetaka kuhusisha ubongo na kujifunza lazima amfuate mnyama yuleyule, kwa siku zilezile, kwani badiliko la ubongo linaweza kutangulia badiliko la tabia au kuchelewa nyuma yake.

Na kuna jaribio lililopata jambo la namna hiyo hasa. Anitha Pasupathy na Earl Miller, mwaka 2005, waliwafundisha kima kwamba picha moja inamaanisha peleka macho kushoto na nyingine kulia, na mara kima walipozoea waliwageuzia maana ya picha hizo. Walirekodi striatamu na gamba la mbele la ubongo kwa wakati mmoja. Wengi wangetabiri kwamba gamba la mbele, ambalo tumezoea kuliita kiti cha akili, litaelewa kwanza na kuwafundisha wa chini yake. Ilikuwa kinyume. Striatamu ilibadilika mapema na kwa ghafla, gamba la mbele likabadilika polepole, na tabia ya mnyama ilikwenda kwa mwendo wa gamba la mbele. Ni kana kwamba karani alishajua jibu kabla ya mkuu wake, lakini barua haikutoka hadi mkuu alipoisaini. (Mfano huu ni wangu, watafiti wenyewe wameandika kwa tahadhari zaidi.)

Sasa niwaletee upande ambao nadhani ndio ulio tajiri kuliko yote, yaani nini hutokea mnyama anapopita hatua ya kujifunza na kuingia katika mazoea.

Chukua panya katika njia yenye umbo la herufi T. Anaanzia chini, anapanda hadi kwenye njiapanda, na lazima akate kushoto au kulia ili apate chakula. Siku za mwanzo, akifika njiapanda husimama. Hugeuza kichwa upande huu, kisha upande ule, kisha tena huku, mithili ya mtu anayevuka barabara. Wanasaikolojia waliliona hilo tangu miaka ya 1930, na Edward Tolman alilichukua kuwa dalili kwamba panya anayajaribu machaguo yake bila kuyatenda. Wenzake wengi walimcheka. Mwaka 2007 Adam Johnson na David Redish walirekodi seli za hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu na mahali, zile ambazo John O'Keefe aligundua kwamba kila moja hupiga mnyama akiwa mahali fulani maalumu. Panya aliposimama njiapandani, seli zilizopiga zilikuwa za mahali ambapo hakuwapo: zilianza kupiga za njia ya mbele yake upande mmoja, zikafuatana hadi mbali, kisha za upande wa pili, yote katika sehemu ndogo ya sekunde. Mwili umesimama, ramani inatembea. Na kadiri panya anavyoizoea njia, kusimama huko hupungua.

Je, shughuli hiyo inapopungua kuna nini kinachochukua nafasi yake? Hapa tumtazame Ann Graybiel na wenzake katika chuo cha MIT nchini Marekani, waliorekodi striatamu ya panya katika njia ya namna hiyohiyo na kuchapisha matokeo yao mwaka 1999. Mwanzoni seli nyingi zilipiga karibu na mahali pa kukata kona, pale penye uamuzi. Baada ya mazoezi mengi, mapigo katika kona yalififia, na badala yake yakajikusanya mwanzoni mwa safari na mwishoni mwake. Ubongo ulikuwa umeifunga safari nzima katika fungu moja, lenye alama ya kufungua na alama ya kufunga, na uchaguzi uliokuwa katikati ukawa umemezwa humo. Mwaka 2005 kundi hilohilo lilionyesha kwamba zawadi ikiondolewa mpangilio huo huvunjika, na ikirudishwa mpangilio hurudi. Kwa hiyo haukuwa umefutika, ulikuwa umelala.

Tunajuaje kwamba panya huyo hachagui tena kwa maana tuliyoanza nayo? Christopher Adams, katika kazi yake ya mwaka 1982, aliwafundisha panya kubonyeza kitufe wapate punje za sukari. Kundi moja lilibonyeza na kulipwa mara 100, jingine mara 500. Kisha panya wote walifanywa waichukie sukari ile kwa kuiambatanisha na dawa inayosababisha kichefuchefu. Waliporudishwa kwenye kitufe, wale wa mara 100 walipunguza kubonyeza, kwa sababu walijua kinaleta nini na hawakukitaka tena. Wale wa mara 500 waliendelea kubonyeza. Miaka ya 2004 na 2005 Henry Yin, Barbara Knowlton na Bernard Balleine walionyesha kwamba hali hizi mbili zinakaa katika pande mbili za striatamu: ukiharibu upande wa nje, panya mwenye mazoea marefu huanza tena kujali kama anakitaka anachokifanyia kazi, ukiharibu upande wa ndani, hata panya mwenye mazoezi machache hubonyeza kama mashine. Huko ndiko kuhama ninakokuzungumzia. Tendo ni lilelile, mkono ni uleule, lakini anayeliamuru amebadilika, na kwa kutazama kwa macho tu usingejua, mpaka siku zawadi inapoharibika.

Kalamu Tulivu

Nimesoma sehemu hiyo ya mwisho mara mbili. Naomba kuuliza: ikiwa kila kundi linarekodi eneo lake, moja striatamu, jingine hipokampasi, jingine LIP, hatuko kama wale vipofu na tembo? Hakuna aliyejaribu kutazama ubongo mzima kwa pamoja?

Mleta uzi

Wapo, na ni jambo la hivi karibuni. Mwaka 2017 zilitangazwa elektrodi za aina ya Neuropixels, ambazo ni uzi mwembamba wa silikoni wenye vituo 960 vya kusikilizia, ambapo vituo 384 huweza kusomwa kwa wakati mmoja. Mwaka huohuo maabara kadhaa za Ulaya na Marekani ziliungana chini ya jina International Brain Laboratory, zikakubaliana kufanya jaribio moja kwa namna moja. Panya mdogo huonyeshwa mistari upande wa kushoto au wa kulia wa kioo, naye huzungusha gurudumu kwa miguu yake ya mbele kuileta mistari katikati. Wakati mwingine mistari ni hafifu kiasi kwamba haionekani, na hapo panya anaweza kutegemea tu kumbukumbu ya upande ambao mistari imekuwa ikitokea mara nyingi, kwani kwa vipindi fulani upande mmoja hupewa asilimia 80 na mwingine 20.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalitokana na panya 139 na zaidi ya seli 600,000 katika maeneo 279 ya ubongo. Dalili za kile kilichoonekana kiooni zilikaa zaidi katika maeneo ya kuona. Lakini dalili za uchaguzi, za mwendo na za zawadi zilienea karibu ubongo mzima. Na yale makadirio ya upande upi una uwezekano mkubwa, ambayo wengi wangeyaweka mbele kabisa katika maeneo ya fikra, yalionekana hata katika vituo vya mwanzo vya njia ya kuona. Ni kana kwamba panya huyo analeta aliyojifunza karibu hadi kwenye jicho.

Nina tahadhari mbili. Kwanza, hawa ni panya waliokwisha kufundishwa, kwa hiyo ramani hiyo ni picha ya mwisho wa safari, wala haituonyeshi safari yenyewe. Pili, mnyama anayeamua pia hutikisa masharubu, hubadilisha mkao, hupanua mboni. Mwaka 2019 kazi mbili tofauti, moja ya Simon Musall na wenzake, nyingine ya Carsen Stringer na wenzake, zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya shughuli ya gamba la panya inafuata miondoko hiyo midogo. Na kwa kuwa mnyama anayejifunza hubadilisha pia miondoko yake, mtafiti asiyeipima anaweza kutangaza amegundua uamuzi kumbe amegundua masharubu.

Binti Nyota

Kaka, nimefuatilia uzi huu kimyakimya. Swali langu ni dogo. Mifano yote ni ya wanyama wenye ubongo mkubwa kiasi. Wadudu nao huchagua. Nyuki huchagua ua. Je, kwao pia shughuli huhama, au wao wamezaliwa wakijua?

Mleta uzi

Dada, swali lako si dogo hata kidogo. Nyuki ana seli za neva zisizofika milioni moja, na hujifunza harufu ya ua kwa kuonja sukari mara chache sana. Mwaka 1993 Martin Hammer, nchini Ujerumani, alichapisha matokeo ya kurekodi seli moja, namaanisha seli moja kwa hesabu, inayoitwa VUMmx1, ambayo hupiga nyuki anapoonja sukari na ambayo matawi yake husambaa katika sehemu za ubongo zinazoshughulikia harufu. Alitoa harufu, kisha badala ya kumpa nyuki sukari akaisisimua seli hiyo kwa umeme. Baadaye, harufu hiyo ilipotolewa peke yake, nyuki aliitikia kama nyuki aliyelishwa. Na katika nyuki waliofundishwa kwa sukari ya kweli, seli ile, ambayo kabla ya hapo ilikuwa seli ya sukari, ikaanza kuiitikia harufu iliyotangulia sukari.

Kemikali yake si dopamini, ni oktopamini. Nyuki na kima wametengana katika ukoo wa viumbe kwa zaidi ya miaka milioni mia tano. Lakini ukiweka rekodi ya Hammer pembeni ya ile ya Schultz unaona kuhama kulekule, kutoka kwenye tone kwenda kwenye kilichotangulia tone. Wala kufanana huko hakukuwapita waandishi wa ile makala ya 1997: miaka miwili kabla ya kuandika kuhusu dopamini ya kima, Montague na Dayan, wakiwa pamoja na wenzao, walikuwa wameshachapisha hesabu ya namna hiyohiyo kueleza jinsi nyuki anavyochagua maua.

Nitarudi kesho nikipata nafasi, maana Mzamivu amenitumia hoja kuhusu MT ambayo inahitaji nikae nayo kwanza.